Kusafisha Kinywe na Kaolini kwa Vyungu vya Kuyeyushia Metali: Mwongozo wa Karakana Ndogo

Anayesubu shaba, alumini au dhahabu anahitaji chungu kinachostahimili moto mkali bila kupasuka, kinachopitisha joto upesi, na kisichoachia uchafu wake ndani ya metali iliyoyeyuka. Chungu cha namna hiyo huundwa kwa vitu viwili ambavyo Afrika Mashariki imejaliwa navyo: kinywe (grafiti), yaani kaboni iliyojipanga katika magamba laini yanayoteleza, na udongo mweupe wa kaolini. Kinywe kipo Mahenge wilayani Ulanga, Ruangwa mkoani Lindi, na Mirerani, ambako tanzanaiti yenyewe hukaa ndani ya miamba yenye kinywe. Ng'ambo ya mto Ruvuma kuna machimbo makubwa ya Balama katika Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Kaolini iko Pugu, Kisarawe, mwendo mfupi kutoka Dar es Salaam, na Mutaka nchini Uganda. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvisafisha vitu hivyo viwili, kuvichanganya, kufinyanga chungu na kukichoma, kwa vifaa ambavyo karakana ya watu watatu au wanne inaweza kuvipata.

Usafi wa namna gani?

Muuzaji wa kinywe atakuambia asilimia ya kaboni: tisini na nne, tisini na tano. Namba hiyo ni ya lazima lakini haitoshi. Kinywe cha aina mbili kinaweza kuwa na asilimia 95 za kaboni kila kimoja, na bado kimoja kikafaa kwa chungu huku kingine kikikiharibu, kwa sababu zile asilimia tano zilizobaki si kitu kimoja. Zikiwa ni kwatzi, yaani silika kama ile ya mchanga, hazina madhara makubwa, kwa kuwa kwatzi yenyewe haiyeyuki upesi. Zikiwa ni maika (madini ya vipande vyembamba vinavyong'aa), chuma na chokaa, zitayeyuka pamoja na udongo kwenye joto la chini na kulegeza ukuta wa chungu kutoka ndani.

Jambo hili limewasumbua hata waliokuwa na kila kifaa. Mwaka 1942, wanafizikia Enrico Fermi na Leo Szilard walipokuwa wakijenga tanuri la kwanza la nyuklia mjini Chicago kwa matofali ya grafiti, tatizo lao halikuwa asilimia ya kaboni kwa jumla bali chembe chache mno za boroni, ambazo hunyonya nyutroni na kuzuia mfululizo wa mpasuko wa atomi. Watengenezaji wa betri za lithiamu nao hudai kinywe chenye kaboni ya asilimia 99.95, kwa kuwa hata chuma kidogo huharibu seli. Chungu cha kuyeyushia hakidai hayo; kinadai majivu yasiyoyeyuka, magamba makubwa, na udongo usio na chumvi. Kabla ya kununua hata gunia moja, amua kazi yako inahitaji usafi upi, kwa maana kila hatua ya usafishaji ina gharama ya mafuta, kemikali na maji.

Hatua ya kwanza: kupima kaboni na kuyasoma majivu

Chukua sampuli kutoka sehemu kadhaa za gunia, chini, katikati na juu, uzichanganye vizuri. Kausha kwa nyuzi 105 za Selsiasi kwa saa mbili, upime uzito. Maabara hutumia gramu moja na mizani inayosoma hadi sehemu ya elfu kumi ya gramu. Mwenye mizani ya kawaida inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu atumie gramu kumi zilizotandazwa kwenye sahani pana ya kauri, na bado atapata jibu la kutegemewa hadi sehemu ya kumi ya asilimia. Unguza sampuli kwa nyuzi 900 hadi 950 katika tanuri linaloingiza hewa. Magamba ya kinywe huungua polepole sana, hivyo usiridhike na saa moja. Choma, poza kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, pima, kisha rudia mpaka uzito usibadilike tena. Kilichobaki ni majivu. Sampuli nyingine uipashe joto kwa nyuzi 950 kwa dakika saba katika kikombe kilichofunikwa barabara, ili kujua kiasi cha vitu vinavyoruka kwa joto. Toa majivu na hivyo vinavyoruka kutoka kwenye mia, na jibu ni asilimia ya kaboni.

Sasa yaangalie hayo majivu, kwa kuwa hapa ndipo wengi huharakisha. Majivu meupe au ya kijivu yanayomwagika kama mchanga yana kwatzi kwa wingi. Majivu mekundu au ya kahawia yana chuma. Majivu yaliyoganda na kushikamana na sahani kama kioo yana maika, feldispa au madini mengine yanayoyeyuka kwa urahisi. Kwa uhakika zaidi, loweka majivu kidogo kwa maji, uyafinyange kuwa pia ndogo (umbo la koni) yenye urefu wa sentimita mbili, ikauke, kisha uichome hadi nyuzi 1,200. Ikisimama wima, kinywe chako kinafaa kwa vyungu. Ikiinama au kubonyea, kinahitaji kusafishwa zaidi au kutafutiwa kazi nyingine. Dondoshea pia asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa juu ya kinywe kibichi. Kikitoa povu, kina chokaa, na chokaa hiyo itavuruga hata kipimo chako, kwa sababu hutoa gesi ya kaboni dioksidi inapochomwa.

Mwenye kuhitaji uchambuzi kamili wa kila elementi anaweza kupeleka sampuli maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma. Gharama hiyo ni ndogo kuliko hasara ya tanuri zima la vyungu vilivyopasuka.

Hatua ya pili: kuelesha kinywe kwa mapovu

Kinywe kina tabia inayorahisisha kazi: hakipendi maji, bali hupenda mafuta. Kwatzi na udongo hupenda maji. Ndiyo maana viwanda vikubwa duniani huchenjua kinywe kwa mapovu, na mafuta yanayotumika mara nyingi ni yale yale ya taa au ya dizeli.

Ponda mwamba kwa awamu, ukichekecha kila mara na kuyatoa yaliyokwisha kufikia ukubwa unaotakiwa, badala ya kuyasaga yote mpaka yawe unga. Gamba kubwa ndilo lenye thamani; likishavunjika halirudi. Kwa kilo mbili za mawe yaliyosagwa na kupita kwenye chekeche la nusu milimita, tumia lita kumi za maji safi. Ongeza chokaa kidogo mpaka maji yawe na pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya 8 hivi, kisha nusu gramu ya mafuta ya taa, na ukoroge kwa nguvu kwa dakika tano ili mafuta yafike kwenye kila gamba. Baada ya hapo weka matone machache ya mafuta ya msonobari, ambayo hutoa mapovu imara, na upulize hewa kutoka chini ya chombo. Sabuni ya kuoshea vyombo nayo hutoa mapovu, lakini hubeba mchanga pamoja na kinywe, kwa hiyo siipendekezi.

Mapovu meusi yanayong'aa yatapanda juu. Yakwangue kwa ubao, uyatie kwenye maji mapya, na urudie. Mara ya kwanza utapata kinywe chenye uchafu mwingi. Mara ya nne au ya tano kitakuwa safi zaidi. Kati ya mizunguko, sugua kinywe taratibu kwenye pipa linalozunguka lenye kokoto za mtoni, si gololi za chuma: kokoto huyasugua magamba na kuyatoa uchafu wa juu bila kuyavunja sana, wala haziongezi chuma. Ukimaliza, kausha na kuchekecha. Magamba yanayobaki juu ya chekeche la milimita 0.15 ni ya vyungu. Yaliyopita chini yauze kwa watengenezaji wa vilainishi na rangi.

Kwa vyungu vya kusubia alumini, shaba na shaba ya njano, kinywe cha asilimia 90 hadi 95 kilichopatikana kwa njia hii kinatosha, mradi ile pia ya majivu ilisimama. Hatua inayofuata ni ya mwenye kuyeyusha dhahabu safi, au anayetaka kinywe cha kazi nyingine zinazodai usafi wa juu.

Hatua ya tatu: kuoka kwa kostiki soda

Kostiki soda huyeyuka kwenye nyuzi 318, na ikiwa katika hali hiyo huigeuza silika iliyobaki kuwa silikati ya sodiamu inayoyeyuka majini, na alumina vivyo hivyo kuwa aluminati. Chuma hubaki kama haidroksidi, kikisubiri asidi.

Kwa kilo moja ya kinywe, yeyusha gramu 400 za kostiki soda katika nusu lita ya maji. Tia kostiki ndani ya maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya kostiki kamwe, kwani huchemka papo hapo na kurukia uso. Vaa kinga ya uso mzima, glavu ndefu za mpira na aproni, na fanya kazi hii mahali penye upepo. Changanya na kinywe mpaka pawe na uji mzito, uweke kwenye karai la chuma lisilo na rangi wala bati (la alumini litaliwa, la kioo litachubuka), ukaushe kwa nyuzi 150, kisha uoke kwa nyuzi 450 hadi 500 kwa saa moja na nusu huku karai likiwa limefunikwa ili hewa isiunguze magamba.

Likishapoa kabisa, vunja donge ndani ya lita tano za maji ya uvuguvugu, koroga, chuja, na uoshe tena na tena mpaka maji yanayotoka yawe na pH isiyozidi 8. Hapa subira inahitajika. Nimeona mtu akimwaga asidi wakati kinywe bado kina silikati ndani yake, na mara moja silika ikaganda kama uji wa muhogo, ikaziba kitambaa cha kuchujia, na kazi ya siku nzima ikapotea. Maji yakishakuwa safi, ndipo uweke lita tatu za asidi ya haidrokloriki ya asilimia kumi, uipashe moto hadi nyuzi 60 au 70 kwa saa moja, kisha uoshe upya mpaka tone la nitrati ya fedha lisitoe weupe kwenye maji ya kuoshea. Kausha kwa nyuzi 105 na upime majivu kama mwanzo. Kinywe kilichoanza na kaboni ya asilimia 94 au 95 kinaweza kupanda kupita 98, na kikiwa na magamba mazuri kupita 99.

Maji machafu ya kostiki na yale ya asidi yachanganye polepole mpaka pH iwe kati ya 6 na 9, tope litulie, na tope hilo likaushwe na kuhifadhiwa. Usiyamwage mtoni yakiwa ghafi.

Uchafu uliofungiwa katikati ya matabaka ya gamba hautatoka kwa njia hii. Viwanda huutoa kwa asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kushambulia mifupa na moyo. Asidi hiyo haina nafasi katika karakana ndogo, na sitaeleza matumizi yake. Njia nyingine ni moto mtupu. Katika miaka ya 1890 Mmarekani Edward Acheson, aliyekwisha gundua namna ya kutengeneza silikoni kabidi kwa umeme, aliona kwamba kabidi hiyo ikizidishiwa joto, silikoni huruka na kuacha grafiti safi. Tanuri za umeme za namna hiyo bado hutumika kusafisha kaboni kwa joto la nyuzi 2,500 na zaidi. Ni kazi ya kiwanda chenye umeme mwingi.

Hatua ya nne: kuosha kaolini

Kaolini iliyochimbwa huja na mchanga, maika na madoa ya chuma. Iloweke usiku kucha kwa maji mara nne ya uzito wake, ukitia silikati ya sodiamu kidogo sana ili chembe zitengane. Asubuhi koroga kwa nguvu, kisha acha itulie. Chembe za mchanga zenye kipenyo cha zaidi ya sehemu 20 za elfu ya milimita huzama sentimita 20 kwa muda wa dakika nane hivi. Kwa hiyo baada ya dakika kumi, nyonya kwa mpira sentimita 20 za juu tu, ukiacha zilizo chini. Pitisha maziwa hayo ya udongo kwenye chekeche laini, kisha kwenye sumaku zenye nguvu zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na utashangaa kuona manyoya meusi ya chuma yakijikusanya hata kwenye udongo ulioonekana mweupe pe. Tia shabu kidogo, kama wanavyofanya wanaosafisha maji ya kisima, na udongo utakaa chini. Mwaga maji ya juu, ongeza mengine safi, rudia mara mbili ili kuondoa chumvi, kisha kausha.

Kaolini peke yake haina mnato wa kutosha kufinyangwa. Changanya na udongo wa mfinyanzi unaohimili moto, ambao nao umeoshwa na kujaribiwa kwa asidi. Chembe ya chokaa yenye ukubwa wa punje ya mtama ikibaki ndani ya ukuta, itachomwa iwe chokaa hai, itanyonya unyevu wa hewa siku kadhaa baadaye, itavimba, na chungu kizuri kitabanduka kipande kikiwa kimekaa tu rafuni.

Hatua ya tano: mchanganyiko na ufinyanzi

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa kuanzia, kwa uzito mkavu, ni sehemu 45 za kinywe cha magamba, 30 za udongo wa mfinyanzi unaohimili moto, 10 za kaolini, na 15 za vigae vya udongo huo huo vilivyochomwa na kusagwa. Mwenye uwezo wa kupata silikoni kabidi anaweza kuiweka badala ya vigae; hupitisha joto vizuri zaidi na kuchelewesha kuungua kwa kaboni. Changanya vikavu kwanza, ongeza maji mpaka donge lishikike bila kunata, kanda kwa muda mrefu, kisha lifunge kwa magunia yenye unyevu na uliache wiki mbili au tatu. Udongo uliolala hufinyangika vizuri kuliko uliokandwa leo.

Finyanga kwa gurudumu ndani ya kalibu ya jasi, ukishindilia ukuta kwa ubao kutoka ndani huku gurudumu likizunguka. Mzunguko huo huyalaza magamba sambamba na ukuta, kama vigae vya paa, na mpangilio huo ndio unaokipa chungu nguvu ya kuvumilia joto la ghafla. Chungu kilichobonyezwa kwa vidole tu huwa na magamba yaliyosimama kila upande, nacho hakidumu. Ukuta uwe wa unene unaolingana, na kitako kiwe kinene kidogo kuliko ukuta. Chora mistari miwili iliyoachana milimita 100 kwenye chungu kimoja cha kila kundi, ili baadaye ujue udongo wako umenywea kiasi gani.

Kausha kivulini, pasipo upepo wa moja kwa moja, wiki mbili hadi tatu. Pwani wakati wa masika ongeza wiki nyingine. Maliza kwa kuvipasha joto la nyuzi 110 mpaka uzito usishuke tena.

Hatua ya sita: uchomaji bila hewa

Kinywe huanza kuungua hewani kwenye nyuzi 500 au 600, ilhali udongo unahitaji kupita 1,000 ili ushikamane. Kwa hiyo chungu lazima kichomwe mahali ambapo hewa haifiki. Kiweke ndani ya pipa la udongo uliochomwa, ukijaze na kukizungushia unga wa mkaa mkavu pande zote, ufunike, na uzibe ukingo kwa udongo.

Panda kwa nyuzi 50 kila saa hadi 600. Katika eneo hili kaolini hutoa maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, karibu asilimia 14 ya uzito wake, na kwatzi hutanuka ghafla kwenye nyuzi 573. Anayeharakisha hapa huvipata vyungu vyenye nyufa nyembamba zisizoonekana mpaka metali ianze kuvuja. Baada ya 600 unaweza kupanda kwa nyuzi 100 kila saa hadi 1,100, ushikilie kwa saa tatu, kisha uzime. Usifungue pipa mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 200, kwa sababu hewa ikiingia mapema itaula ukuta uliotumia wiki tano kuutengeneza.

Vyungu vikitoka, vigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima huvuma kama kengele nzito; chenye ufa hutoa sauti ya kigae kilichovunjika, nacho kisagwe kirudi kwenye mchanganyiko. Paka nje rojo la boraksi, feldispa na unga wa kioo, ambalo litayeyuka moto wa kwanza na kuziba vinyweleo dhidi ya hewa. Ndani usipake kitu.

Matumizi na mipaka yake

Chungu kipya kipashwe moto kikiwa kitupu, polepole hadi nyuzi 200 kwa saa nzima, kisha upesi hadi kiwe chekundu. Kishikwe kwa koleo linalokikumbatia chini ya tumbo, si kwa kubana ukingo. Metali isiachwe igande ndani, kwani ikipashwa tena hutanuka na kukipasua.

Kinafaa kwa alumini inayoyeyuka kwenye nyuzi 660, dhahabu kwenye 1,064 na shaba kwenye 1,085. Hakifai kwa chuma wala chuma cha pua: chuma kilichoyeyuka hunyonya kaboni hadi zaidi ya asilimia nne, yaani kitakula chungu chenyewe na kugeuka kuwa chuma kigumu chenye kuvunjika. Chumvi za nitrati huunguza kaboni, na boraksi ikizidi huila kauri, hivyo itumike kwa kipimo. Anayepima dhahabu kwa kuyeyusha pamoja na oksidi ya risasi atumie chungu cha udongo mtupu, kwa kuwa kaboni itaigeuza oksidi yote kuwa risasi na kuharibu kipimo.

Vumbi la kinywe hupitisha umeme, na likiingia kwenye swichi au mota hutengeneza njia ya mkato wa umeme. Funika vifaa na usafishe kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi la kwatzi na vigae vilivyosagwa ni la hatari zaidi kwa mapafu, na madhara yake huonekana baada ya miaka. Saga kwa maji kila inapowezekana, na vaa barakoa ya vumbi laini, si kitambaa cha kufunga puani.

Andika katika daftari, kwa kila kundi la vyungu, majivu ya kinywe, rangi yake, kiasi cha kunywea kwa udongo, joto la juu la uchomaji, na idadi ya miyeyusho ambayo kila chungu kilivumilia kabla ya kustaafishwa. Badilisha jambo moja tu kwa kila kundi.